Kioo cha Bwana Meno

Watu wengi waliomchukia bado wana meno yao. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na dada yangu sitamtendea haki mtu huyu, na nimejiapiza nimwandike kwa haki hata pale mkono unapovutwa upande. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Nilikuwa mhudumu katika chumba chake pale hospitali, Newala. Nikichemsha vyombo, nikishika beseni, nikishika na vichwa vya watu. Nilichokiona nilikiona kwa karibu. Kama nilikielewa, hilo ni jambo jingine.

Tulimwita Bwana Meno. Wagonjwa mbele yake walimwita Daktari, naye hakuwasahihisha, ingawa hakuwa daktari, alikuwa tabibu aliyesomea meno basi. Wakishafika getini walimwita majina mengine, ambayo siyaandiki kwa sababu wajukuu watayasoma.

Na dada yangu nimtaje mapema, asije akaonekana nimemficha mahali. Dada, Mama Zainabu, aliolewa Chiungutwa. Alikuwa kungwi. Wasichana wa misimu mingi walifundishwa naye unyagoni namna ya kuoga, kujitunza na kuongea na wakubwa, na kila wimbo yeye ndiye aliyeuanzisha, wengine wakaitikia. Alipanda Newala kwa Bwana Meno akiwa na meno yote kinywani na heshima hiyo yote kichwani. Sasa vyote viwili havipo. Nani alivitoa, na kwa mkono upi, ndilo ninalolipima hapa, na mizani yangu haitulii.

Kwanza kioo. Kilikuwa kioo cha pembeni cha lori lililokufa, kimepasuka kona moja, naye alikifungia mpini wa mti. Mgonjwa akikaa kwenye kile kiti cha chuma, Bwana Meno hakumuuliza panauma wapi. Alimpa kioo.

"Shika. Inua mdomo wa juu. Unaona nini?"

"Meno, Daktari."

"Hayo ni meno? Mimi naona sufuria iliyopikiwa ugali juzi ikasahauliwa mvunguni."

Benchi la wanaosubiri lilikuwa mlangoni, na mlango haukufungwa. Alisema chumba kina joto. Ni kweli kilikuwa na joto, nami nilitoka jasho humo. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeongea na aliyekaa mbele yake. Ilikuwa ya mtu anayeongea na benchi. Na benchi lilicheka. Hilo nalo liandikwe: walicheka wote, kila mmoja mpaka zamu yake. Nilimwona mama mmoja akicheka mpaka anashika mbavu, akaitwa, akaingia na kicheko kikiwa bado usoni, akatoka akijifunika kanga mpaka machoni.

Kufundisha alijua. Sijamsikia mtu mwingine akilieleza gonjwa la fizi nikalielewa. Alikuwa akipitisha kucha ya chuma kwenye jino, anatoa kitu cheupe laini, anakuonyesha. "Huu ni ukoga. Ni wadudu hawa, wamelala juu ya chakula chako. Ukiufuta leo hakuna neno. Ukiuacha unageuka jiwe, ndio ugaga huu wa njano, na jiwe mswaki hauliwezi, mpaka mimi. Jiwe linashuka chini ya fizi. Fizi inavimba, inatoa damu, inakimbia. Mfupa nao unaifuata."

Kisha anamgeuza kichwa mgonjwa kuelekea dirishani, kule ambako ardhi ya Newala inakatika na kuteremka kwenda bonde la Ruvuma, mahali ambapo kila masika korongo hula shamba la mtu.

"Ule mkorosho ulioanguka pale ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, Daktari. Udongo ndio ulioondoka."

"Basi na jino lako si gonjwa. Udongo ndio unaoondoka. Na ukishafika Ruvuma haurudi, hata ulie."

Watu waliuelewa mfano huo, maana wengi wao walikuwa na mkorosho ulioanguka.

Kosa lililomtia wazimu lilikuwa moja, na kila siku lililetwa na mtu mpya kana kwamba amelivumbua yeye. "Nikisugua damu inatoka, Daktari, ndiyo maana nimeacha kusugua." Hapo alikuwa anaweka vyombo chini na kunitazama mimi, si mgonjwa. "Mama Idi, umesikia? Mtoto wake akipata kidonda anaacha kumwogesha." Halafu kwa mgonjwa: "Damu ndiyo inayokuita! Inasema njoo, kuna uchafu huku. Wewe unaifungia mlango." Akaagiza: mswaki wa mti utafunwe ncha mpaka uwe laini kama pamba, usukumwe kutoka kwenye fizi kwenda kwenye jino, nje na ndani, asubuhi na baada ya chakula cha mwisho, hata kama damu inatoka. Siku chache zikipita damu itapungua yenyewe. Isipopungua, rudi. Waliofanya hivyo, damu ilipungua. Mimi ni mmoja wao, na ninaandika haya nikiwa na meno ambayo mama yangu kwa umri huu alishayazika.

Ukisema maji hayapo, hapo umejichimbia. Newala maji ni habari ya kila nyumba, ndoo moja inapigiwa foleni tangu alfajiri, kwa hiyo kisingizio kilikuwa cha kweli. Yeye alikivunja kwa namna yake: kila asubuhi alisimama barazani mbele ya benchi na kikombe kimoja tu cha chai, kimejaa maji, akasugua meno yake polepole kama mtu anayenoa panga, akasukutua, akatema, na maji yakabaki. Yaliyobaki aliyanywa huku anawatazama. Mzee mmoja alininong'oneza, "Huyu anatutukana hata akinyamaza."

Sasa mambo ambayo hayakai pamoja.

Alikuwa mla sukari. Chai yake niliikoroga mimi, na kijiko kilikaribia kusimama wima. Mgonjwa mmoja, fundi baiskeli, alimkamata: "Daktari, sisi unatukataza mandazi, na hiyo je?" Tulidhani atalipuka. Akacheka. "Kosa si kula, fundi. Kosa ni kulala na ulichokula." Na fundi huyo alihudumiwa vizuri kuliko mtu yeyote wiki ile, alielezwa kila kitu, hata akaambiwa atakavyojisikia akifika nyumbani.

Niliona hivyo mara nyingi. Mtu aliyemjibu alimheshimu. Alikuja mzee wa Tandahimba, mbwia ugoro, anauweka chini ya mdomo wa chini miaka na miaka, fizi mahali pale imeteremka mpaka mizizi ya meno iko nje. Bwana Meno akampa kioo. "Fizi imehama, mzee. Imeuachia ugoro nyumba." Mzee akajitazama, akarudisha kioo. "Mwanangu, mimi nimehamwa na wake wawili. Fizi nayo na iende ikawasalimie." Benchi lilianguka kwa kicheko. Bwana Meno alicheka mpaka akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, kisha akamkwangua yule mzee kwa mkono mwepesi kama anamnyoa mtoto mchanga, na ugoro aliuacha mzee wa watu, au alisema ameuacha.

Hakubagua. Miaka ile ruksa ya biashara huria ilipoanza kuingia na wanunuzi binafsi wa korosho wakaonekana na magari yao, alikuja mmoja mwenye jino la dhahabu mbele, hakutaka kukaa benchi. Bwana Meno alimkalisha benchi mpaka adhuhuri. Alipomfungua kinywa alisema, "Dhahabu kwenye fizi kama hii ni bati jipya kwenye nyumba ya mchwa." Masikini hawakuwahi kumpenda mtu kama walivyompenda yeye siku hiyo. Kesho yake akawarudia wao.

Na kuna wodi ya wanaume. Wagonjwa waliokuwa wakingojea kufa, ambao ndugu walikaa nao mbali kwa ajili ya harufu, yeye aliwaendea bila kuitwa, na kitambaa safi na maji ya chumvi, akawasafisha kinywa, ulimi, fizi, taratibu, bila neno moja la karaha. Ndugu mmoja alimwambia, "Daktari, huyu ni wa leo au kesho, usijisumbue." Akajibu, "Aende na kinywa cha mtu." Nilikuwapo. Kwa hiyo mtu akiniambia Bwana Meno hakuwa na huruma, siwezi kukubali. Ila nimejiuliza kwa nini huruma ile ilingoja mpaka mtu asiweze tena kuisikia.

Nimefika kwa dada, na sijui kama nimechelewa makusudi.

Fizi zake zilikuwa zikitoa damu akila muhogo, na asubuhi alikuta mate mekundu kwenye mto. Mimi ndiye niliyemwambia apande Newala, nami nilimwingiza chumbani. Nikamtambulisha kwa heshima, nikidhani nitamlainisha Bwana Meno: "Huyu ni dada yangu, Mama Zainabu, kungwi wa kule Chiungutwa."

"Kungwi?" Sauti ilivuka benchi ikafika dirisha la dawa. Akampa kioo. "Kumbe usafi wa wasichana wa Chiungutwa unatoka humu? Hebu fungua zaidi, mama, niwaone wanafunzi wako."

Benchi likacheka. Dada alishika kioo, hakukitazama, alinitazama mimi.

"Fungua. Lo! Mama, hawa wasichana wafundishe nyimbo tu, na usimame upande upepo unakoelekea."

Dada hakujibu. Angejibu! Alikuwa na ulimi wa kunyoa mtu yeyote, unyagoni wanawake wazima walimwogopa. Lakini pale alilia, kimya, kinywa kikiwa wazi, machozi yanaingia masikioni kwa sababu kichwa kilikuwa kimelazwa. Bwana Meno alimkwangua meno ya chini yote, na kazi niliyoiona ilikuwa safi, mawe yakilia kwenye beseni langu. Mwisho akasema, "Juu bado. Rudi Jumatano." Hilo alilisema wazi, sitamwibia.

Ambalo hakulisema ni hili. Ugaga ukishatoka, meno huonekana yameachana, na yanajisikia yamelegea, kwa sababu jiwe lilikuwa limeziba nafasi na kuyashikilia kama simenti mbovu. Siku kadhaa mtu huona amepungukiwa, kumbe ndiyo fizi inaanza kukaza. Jambo hilo aliwaeleza waliomjibu. Fundi baiskeli alielezwa. Mzee wa ugoro alielezwa. Dada aliyelia hakuelezwa.

Akafika Chiungutwa, ulimi ukakuta mianya mahali palipokuwa na ukuta. "Amenikwangua nguvu ya meno," akamwambia kila aliyetaka kusikia, na waliotaka walikuwa wengi, kwa sababu kwenye benchi siku ile alikuwapo mama mmoja wa kijiji cha jirani, na maneno yalishuka mlima kabla ya dada. Msimu ule mama wawili walipeleka binti zao kwa kungwi mwingine. Hawakusema sababu. Dada akaanza kuongea na upindo wa kanga mdomoni.

Jumatano hakurudi. Nilimtumia ujumbe kwa dereva wa gari la mizigo, akanijibu kwa dereva huyo huyo: "Mwambie sitaki kukwanguliwa mtu mzima kama ngozi ya mbuzi."

Meno ya juu akayatibu mwenyewe. Watu wa kwetu wote tunayajua mafuta ya ganda la korosho. Kila mbanguaji ana alama yake mikononi. Yanaunguza ngozi mpaka inabambuka. Na kwa sababu yanaunguza, kuna watu huamini yanakaza. Jirani alimchukulia pamba kwenye kijiti, akamgusisha mafuta hayo kwenye fizi za juu, jino kwa jino. Fizi ikawa nyeupe, ngumu, haina maumivu, haina damu. Dada alifurahi. Alinitumia salamu kwamba amepona bila kutukanwa na mtu. Nilimweleza Bwana Meno, nikidhani atasema jambo la kusaidia. Alikuwa ananawa mikono. "Ameikaanga," akasema. "Nyama iliyokaangwa haitoi damu, hilo ni kweli."

"Tufanyeje, Daktari?"

"Aje."

"Haji, na wewe unajua kwa nini."

Akakausha mikono kidole kimoja kimoja. "Mama Idi, mimi sikumwekea ukoga ule. Nilimwonyesha tu." Mpaka leo nikilitafuta jibu la neno hilo sina, maana alichosema ni kweli, na kilichotokea pia ni kweli. Fizi iliyoungua ilibambuka, ikaacha mizizi wazi, na chini yake jiwe lilikuwa palepale likiendelea na kazi.

Kisha ruksa ikatufikia na sisi. Hospitalini watu wakaanza kuchangia gharama za matibabu, benchi likapungua. Wafanyakazi wakapunguzwa; mimi nikabaki, kwa sababu gani sijui, yeye akaondoka kabla hajaambiwa. Akafungua chumba chake karibu na soko, ubavuni mwa ghala la mnunuzi wa korosho. Alikuja kuchukua vitu vyake pale chumbani, akaacha kioo kwenye droo. Nikamkimbilia nacho mpaka getini.

"Umesahau hiki."

"Sijasahau," akasema. "Kioo hakilipi."

Nilidhani anatania. Nilipokwenda kumtembelea huko sokoni nikamwona mtu mwingine. Pazia mlangoni. Kiti kina mto. Redio inaimba kwa chini. Na ile sauti! "Pole, mama yangu. Pole sana. Umeteseka kwa muda gani, mama yangu?" Hakuna ukoga, hakuna sufuria, hakuna korongo. Alikuwa na chupa za maji mekundu ya kusukutulia, aliyachanganya mwenyewe, yakinukia karafuu. Kukwangua hakumpendezi mtu, kunachukua asubuhi nzima na mteja anatoka amekasirika. Kung'oa ni dakika, na mtu anatoka anashukuru. Mimi sikumsikia akimdanganya mteja hata mara moja. Ila sikumsikia tena akimwambia mtu jambo ambalo hakutaka kulisikia.

Sifa zake zikasambaa mpaka Masasi. "Amekuwa mtu," watu walisema. Waliomtukana getini walimpelekea kuku.

Dada naye akasikia. Meno manne ya juu, ya mbele, yalikuwa yakicheza akiimba. Akafika, safari hii bila mimi kumshawishi, mimi nikamsindikiza tu. Bwana Meno alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Kama alimkumbuka hakuonyesha. Akamkalisha, akamwekea kitambaa kifuani, akagusa kila jino kwa kidole. Lile la kwanza likayumba. La pili likayumba. La tatu na la nne, nilikuwa nimesimama pale nilipozoea kusimama, na nilivyoona mimi hayakuyumba hivyo. Mimi si mtaalamu. Lakini beseni nililishika miaka mingi, na kidole chake nilikijua: kwenye jino la kufa kilikuwa kinaondoka haraka, na kwenye haya mawili kilikawia.

"Haya mawili je?" nikamuuliza kwa chini.

Akanitazama kidogo, halafu akamgeukia dada. "Mama yangu, kinywa ni chako. Tutoe yote manne upumzike, au tukwangue, uwe unakuja kila wiki?"

"Kukwangua tena!" Dada aliruka. "Toa, mwanangu. Toa yote. Mungu akubariki kwa ulimi huo."

Basi, aliuliza, naye akajibu, na mtu mzima aliamua juu ya kinywa chake. Nimeliandika. Lakini swali linaloulizwa koleo likiwa limeshashikwa, nani asiyejua linataka jibu gani? Ganzi ilikuwa nzuri. Dada hakusikia kitu. Alitoka na pamba mdomoni na chupa ya maji mekundu mkononi, anamwombea dua mpaka tumefika stendi.

Unyagoni alirudi msimu uliofuata. Akaanzisha wimbo, na upepo ukatoka pamoja na maneno, fyuu, kila neno lina mluzi. Wasichana walijizuia, kwa kweli walijizuia, ila mmoja akashindwa, halafu wote. Kungwi hachekwi na wari. Akichekwa mara moja imekwisha. Dada aliumaliza ule wimbo, akaketi, na ngoma akampa mwingine, na hakuichukua tena. Meno mengine yalifuata moja moja, bila kung'olewa na mtu, maana jiwe la juu hakuna aliyelitoa, la chini lilirudi, na hakuna aliyemwambia tena lipo. Maji mekundu yalimnukisha vizuri mpaka la mwisho.

Na hapa ndipo ninapokwama kila nikiandika: dada anampenda mtu yule. Humwambii neno. Kila msimu anachoma korosho zake mwenyewe, anachagua nzima nzima, anazifunga kwenye mfuko, "Mpelekee mwanangu wa meno."

Mwaka uliopita nilizipeleka mimi. Alikuwa amehamia Masasi, chumba ameshafunga, anakaa barazani kwa mpwawe mwenye duka. Amezeeka, mikono inatetemeka. Nilimwamkia, akaitikia, akanitambua kwa sauti kabla ya uso. Nikampa mfuko. "Zimetoka kwa dada yangu, Mama Zainabu. Wa Chiungutwa. Yule kungwi."

"Simkumbuki."

Akafungua, akatia moja kinywani, akaivunja. Meno yake yote yalikuwapo. Ile korosho ililia kinywani mwake kama kokoto chini ya kiatu.

"Ulimtoa manne ya juu, pale sokoni," nikasema.

"La kulia lililalia mwenzake kidogo?"

"Ndiyo."

"Ah, huyo." Akatafuna, akameza. "Lile lilikuwa zima. Na la pembeni yake. Yangekuwapo leo."

Sikutegemea atasema hivyo, na kwa wepesi ule. Nikamuuliza kwa nini basi aliyatoa. Hakukasirika.

"Mara ya kwanza alikuja kwa ajili ya meno, mama. Nikampa kweli, akaikimbia. Mara ya pili alikuja kwa ajili ya 'mama yangu'. Nikampa."

"Ungempa vyote viwili."

Nilimwona akilitafuta jibu kama mimi ninavyotafuta langu, na kwa dakika ile nilimwonea huruma, nami nailaumu huruma hiyo. Kisha akasema, "Nilikuwa sijui kufanya vyote viwili," akachukua nyingine. Mara akanielekezea kidevu. "Geukia jua. Fungua."

Nikafungua. Mwanamke mwenye wajukuu, barazani kwa watu, nikageukia jua na kufungua kinywa.

"Nyuma, chini, kushoto. Umezembea. Pananuka uzee pale." Mpwawe alicheka ndani ya duka. "Kasugue."

Nikasema asante. Na jioni ile nilisugua pale, na damu ikatoka, na siku chache zikipita ikaacha. Kwa hiyo hata safari hii alikuwa sahihi.

Nikiondoka akaniita. "Mwambie huyo mama asante. Kachoma vizuri, hazikuungua."

Nilirudi kwa kupitia Chiungutwa. Dada alikuwa uani na kinu, anatwanga korosho za kwake mpaka ziwe unga, ndivyo anavyozila sasa. Hakuacha kutwanga aliponiona.

"Kasemaje mwanangu?"

"Kasema asante. Kasema umechoma vizuri, hazikuungua."

Dada akacheka, mkono ukaenda mdomoni wenyewe. "Mimi niliwaambia siku zote. Yule ni mtu wa watu. Hospitali ndiyo iliyokuwa ikimharibu." Akainama, akanichotea korosho nzima kwenye ungo, akanijazia kiganja. "Kula wewe, wewe unaweza."

Akashika mchi tena. Nikatia korosho mdomoni, nikawa nikiivunja pale mchi unapotua tu, ili asisikie.